Anza na majani, mlima utakungoja

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kuutazama mchoro wa Frederic Edwin Church, mchoraji wa Marekani, "Moyo wa Andes" (Andes ni safu ya milima ya Amerika Kusini), kwa sababu jicho lako linakimbilia kilele cha theluji kisha linachoka. Ushauri wangu: mlima uache kwanza. Kuza picha, nenda chini kushoto kwenye shina la mti lililopigwa na mwanga. Hapo Church ameandika jina lake na mwaka 1859, utadhani limechongwa kwa kisu kwenye gome. Kutoka hapo sogea polepole: mimea inayotambaa, jani moja linang'aa, la pili yake limezama kivulini. Mimi hukaa hapo dakika kumi nzima, na bado naona kipya.

Sasa panda. Msitu mzito unaishia uwandani, kisha mwamba, kisha theluji ya Chimborazo, mlima mrefu wa Ekwado. Mpangilio huo una maana. Alexander von Humboldt, mwanasayansi na msafiri Mjerumani, alifundisha kwamba mimea hubadilika kadiri unavyopanda mlima, na Church alimsoma vizuri, akaenda mwenyewe Ekwado mwaka 1853 na 1857. Kwa hiyo usitafute mahali hapo kwenye ramani. Aliunganisha michoro yake ya safarini ndani ya studio, New York.

Na kumbuka ukubwa: upana ni kama mita tatu. Mwaka 1859 watu walilipa senti 25 kuuona, wengine wakiwa na darubini ndogo za mkononi, ili wayachunguze majani yale yale ninayokuambia. Ukiwahi kufika Metropolitan Museum, New York, ulipo mchoro huu, usogelee.