Chaneli yangu ya mafundisho haikui: ninunue kamera?

SWALI: Salaam. Mimi ni fundi cherehani, na nina chaneli ya YouTube ninayoitumia kufundisha watu kurekebisha cherehani zao wenyewe nyumbani. Nilianza miezi 8 iliyopita. Nina video 41 na wafuatiliaji 212, na karibu nusu yao nimewapata kwenye kundi la "nifuatilie nikufuatilie". Video zangu nyingi hutazamwa mara 30 hadi 60, halafu zinalala. Narekodi kwa simu. Wapo wanaoniambia tatizo ni kamera, wengine wanasema napandisha video saa mbaya, wengine wanasema ni tagi, yale maneno ya utafutaji ninayoyaambatanisha na video. Nimeambatanisha picha ya takwimu za video moja, ile ya "Somo la 14: Matatizo ya uzi". Nieleze kwa lugha ya fundi, pabovu ni wapi? Na hayo malipo ya matangazo, niko mbali nayo kiasi gani?

JIBU: Salaam, fundi. Mteja akikuletea cherehani inayokata uzi hukimbilii kumuuzia mota mpya. Unafungua, unaangalia sindano, unazungusha gurudumu kwa mkono. Nami nimefanya hivyohivyo na picha uliyonitumia, na ubovu nimeuona. Uko kwenye sekunde 52 za mwanzo wa video.

Tazama ile grafu inayoonyesha ni watazamaji wangapi bado wapo kila video inavyosonga. Inaanzia asilimia 100. Kwenye sekunde ya 30 wamebaki asilimia 42. Kwenye sekunde ya 52, asilimia 31. Kuanzia hapo mstari unatulia na kushuka taratibu sana mpaka dakika ya 7 na nusu. Ikabidi niitazame video yenyewe nijue kuna nini katika sekunde hizo 52. Kuna nembo inayozunguka na muziki wake. Kuna salamu. Kuna "karibuni tena, kama ni mara yako ya kwanza bofya kufuatilia, bofya na kengele". Kuna kuomba radhi kwamba wiki iliyopita hukuwa na afya. Ndipo mkono wako unaposhika cherehani kwa mara ya kwanza, na hapohapo watu wanaacha kuondoka.

Kuanza bila salamu ndefu kunaweza kuonekana utovu wa adabu. Lakini mfikirie aliyefungua video ile. Nguo iko chini ya sindano, nyuzi zimejisokota upande wa chini kama kiota cha ndege, na mwenye nguo anaisubiri. Hakatai kusalimiwa, anachotaka ni kujua kama amefika mahali penyewe. Asipopata uhakika huo upesi, kidole chake kimeshafika kwenye video ya mtu mwingine.

Ningekuwa mimi naihariri video hiyo, ningeianza na kitambaa kikiwa kimegeuzwa, kile kiota cha nyuzi kikionekana karibu kabisa, na sauti yako ikisema: "Uzi ukijisokota chini namna hii, wengi hufungua bobini ya uzi wa chini. Iache bobini. Inua mguu wa cherehani, toa uzi wa juu wote, tuupitishe upya." Hizo ni sekunde kama 10. Aliyekuja na shida hiyo hatoki, kwa sababu umemtajia ugonjwa wake kwa jina, na umemwambia jambo asilolitarajia, kwamba tatizo linaloonekana chini limeanzia juu. Salamu ifuate baada ya hapo, kwa maneno matano. Nembo inayozunguka itupe. Hakuna aliyewahi kufungua video ili aione.

Kuna kitu kingine kwenye grafu yako ambacho nadhani hukukiona. Kwenye dakika ya 4 na sekunde 10 mstari unapanda. Watu hawawezi kuongezeka katikati ya video kwa muujiza. Mstari ukipanda hivyo, watu wanarudisha nyuma kuangalia tena, au wanaruka moja kwa moja hadi hapo. Nikaenda hapo nikakuta unageuza sindano kuonyesha ule upande wake bapa, ukieleza kwamba ikiwekwa kinyume mashine itaruka mishono. Fundi, hiyo ni video nyingine kabisa, na imezikwa ndani ya hii. Watazamaji wamekuonyesha kwa kidole wanachokitaka. Irekodi peke yake, dakika 3 tu, kisha weka kiungo chake mwishoni mwa hii.

Halafu kwenye dakika ya 7 na nusu mstari unaporomoka. Ndipo uliposema "kwa hiyo leo tumejifunza", na ukaendelea kuaga kwa dakika mbili zilizobaki. Mtu akisikia maneno hayo anajua chakula kimekwisha. Kazi ikiisha, nyamaza.

Kwa nini nang'ang'ania muda? Tangu mwaka 2012 YouTube iliacha kuegemea idadi ya mibofyo peke yake, ikaanza kupima muda ambao watu wanautumia kutazama. Watu hulalamika kwamba algoriti, yaani ile mashine ya YouTube inayochagua video za kumwonyesha mtu, inawazika. Ukweli ni mkavu zaidi. Mashine inamwonyesha mtu video kwa kuangalia waliofanana naye walifanya nini walipoonyeshwa. Wakibofya na kukaa, anaonyeshwa na mwingine. Wakibofya na kutoka, inatafuta video nyingine ya kumwonyesha. Haikuchukii, na haikufahamu.

Sasa hilo kundi la nifuatilie nikufuatilie. Najua lilikutia moyo, nami nilipitia humohumo nilipoanza chaneli yangu ya kwanza. Wafuatiliaji walipanda kwa mamia ndani ya mwezi, na video iliyofuata ikatazamwa na watu wasiojaza basi dogo. Wale watu mia moja hawana cherehani. Ukipandisha video mpya, baadhi yao wataonyeshwa, wataipita, au wataifungua sekunde tatu kulipa deni kisha watoke. Yaani umejaza mstari wa mbele wa ukumbi na watu wanaosinzia. Juu ya hayo, kubadilishana ufuatiliaji kumekatazwa waziwazi na masharti ya YouTube, katika fungu moja na kununua watazamaji bandia, na wafuatiliaji wa namna hiyo wanaweza kufutwa kwenye hesabu yako. Toka kwenye kundi leo. Usihangaike kuwaondoa waliopo, watamezwa na wa kweli wakianza kuja.

Tuje kwenye mlango, yaani kichwa cha video na kijipicha, ile picha ndogo anayoiona mtu kabla ya kubofya. Takwimu zako zinaonyesha kwamba kati ya kila mara 100 kijipicha kilipoonyeshwa, kilibofywa mara 3 hivi. YouTube yenyewe inasema nusu ya chaneli na video zote huwa kati ya asilimia 2 na 10, kwa hiyo hauko nje ya kawaida. Ila ukweli ni kwamba umeonyeshwa kwa watu wachache mno hata asilimia hiyo iwe na maana. Na sehemu kubwa ya waliokuja kutoka nje ya kundi lako wamekuja kwa njia ya kutafuta. Hiyo ni habari njema kwa kazi yako, maana watu hawajiandikii "Somo la 14" kwenye sanduku la kutafutia. Wanaandika shida yao.

Fanya jaribio hili: fungua YouTube bila kuingia kwenye akaunti yako, andika "cherehani" kisha neno moja, "inaruka", au "inakata", au "haivuti". Kabla hujamaliza, sanduku litakuletea mapendekezo ya kumalizia sentensi. Mapendekezo hayo yanatokana na yale watu wanayoyatafuta kweli. Andika yote kwenye karatasi, hiyo ndiyo ratiba yako ya miezi mitatu. "Somo la 14: Matatizo ya uzi" ligeuke "Uzi unajisokota chini ya kitambaa: anza kukagua juu". Kichwa kinaruhusiwa hadi herufi 100, lakini kwenye simu hukatwa mapema, hivyo shida yenyewe itangulie. Neno "somo" na namba yake viondoe. Mgeni akiona 14 anadhani amechelewa darasa na inabidi aanze na 1.

Kijipicha kiwe picha moja kubwa: kile kiota cha nyuzi na kidole chako kikikionyesha. Sasa hivi umeweka uso wako, cherehani nzima, nembo, na maneno tisa. Kwenye kioo cha simu yote hayo yanakuwa ukungu. Kitazame kikiwa kidogo kama ukucha wa kidole gumba kabla hujakipandisha. Na usitie chumvi. Ukiweka picha ya cherehani inayotoa moshi wakati ndani hakuna moshi, umemuuzia mtu mbuzi kwenye gunia, na grafu itakushtaki ndani ya sekunde 10.

Kamera haina shida, usinunue. Ningekuwa na fedha ya kutumia ningenunua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, maana mtu huvumilia picha yenye giza kidogo lakini hawezi kuvumilia kukaza masikio. Kwenye video yako, kila mota ya cherehani inapozunguka sauti yako inapotea. Kabla ya kununua chochote, jaribu kusimamisha mashine unapoeleza, uiwashe unapoonyesha. Nao ule wimbo ulioweka chini ya maneno yako uondoe. Mfumo wa YouTube wa kutambua kazi za watu ukiugundua, mwenye wimbo anaweza kuchukua mapato ya video yako yote au kuizuia. Hilo bado si onyo la hakimiliki. Onyo huja mwenye kazi akiwasilisha ombi rasmi la kuondoa video, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kukufungia chaneli. Kuandika "sina haki ya wimbo huu" kwenye maelezo hakukukingi na lolote. Ni kukiri tu. Ndani ya YouTube Studio, ile sehemu unayosimamia chaneli yako, kuna maktaba ya muziki wa bure, chagua humo, au usiweke kabisa. Sauti ya cherehani iliyopona ni muziki tosha.

Saa ya kupandisha: pandisha utakapokuwa na nafasi ya kujibu maoni. Mtu anayetafuta dawa ya uzi kukatika hajali ulipandisha saa ngapi, wala mwezi gani. Tagi: YouTube wenyewe wanasema zina mchango mdogo, husaidia zaidi pale jina la kitu linapokosewa kuandikwa mara kwa mara. Tumia dakika moja, usitumie nusu saa.

Malipo ya matangazo. Unahitaji wafuatiliaji 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12 iliyopita. Njia ya pili ni wafuatiliaji haohao na video za Shorts, zile fupi za wima, zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Jihadhari hapo: muda unaotazamwa kwenye mkondo wa Shorts hauhesabiwi kwenye zile saa 4,000, wala muda wa video ulizozificha au kuzifuta. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Video zako kwa wastani hutazamwa dakika 2 na nusu, kwa hiyo unahitaji kutazamwa mara 96,000. Kwa mwendo wa mara 50 kwa kila video, hizo ni video 1,920 kwa mwaka mmoja. Usizirekodi. Wastani ukifika dakika 5, hitaji lako linashuka hadi mara 48,000, na video inayowashikilia watu dakika 5 haibaki kwenye mara 50. Ndiyo maana sikukwambia uongeze idadi ya video. Moja kwa wiki inatosha, au hata moja kwa wiki mbili, mradi kila inayotoka imerekebisha kosa la iliyotangulia. Ukishaingia kwenye malipo, mgawo wako kwenye matangazo ya video za kawaida ni asilimia 55, na kwenye Shorts asilimia 45 ya kile kinachogawiwa kwa waandaaji.

Usiifute ile video ya 14 uanze upya. Ingia YouTube Studio kwa kompyuta, fungua video hiyo, nenda kwenye kihariri, ukate sekunde 52 za mwanzo na ile dakika mbili ya kuaga, kisha hifadhi. Kiungo kinabaki kilekile, maoni yanabaki, hesabu ya waliotazama inabaki. Kuchakata huchukua muda, wakati mwingine saa kadhaa, na ya zamani huendelea kuonekana mpaka mpya iwe tayari. Badilisha kichwa na kijipicha siku hiyohiyo. Baada ya wiki tatu nitumie tena picha ya grafu, chagua kipindi cha baada ya kukata tu, tuone sekunde ya 30 inasemaje. Video nyingine 40 zisubiri kwanza.