Laptopu mbili, RTX 4060 ileile, mbona moja inakimbia na nyingine inachechemea?

SWALI: Mkuu habari za kazi. Nimejichanga mpaka nimepata hela ya laptopu ya gemu, siyo zile za bei ya kutisha, za kati tu. Nimebaki na mbili na zote zina kadi ya grafiki ya Nvidia RTX 4060 ya GB 8. Ya kwanza nyembamba, ya chuma, kilo 1.8, prosesa i7-13620H, kioo cha 2560 kwa 1600 chenye Hz 165, RAM GB 16 imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, chaja yake wati 150. Ya pili ni dude nene la plastiki, kilo 2.5, Ryzen 7 7735HS, kioo cha 1920 kwa 1080 Hz 144, RAM GB 8 kijiti kimoja ila ina nafasi mbili, chaja wati 230. Jamaa yangu anasema kadi ni ileile kwa hiyo nichukue inayopendeza machoni. Nacheza Cyberpunk 2077, gemu za mpira, na naedit video fupifupi. Nichukue ipi, na nikienda kuikagua niangalie nini?

JIBU: Salama kabisa mkuu. Nianze na jibu halafu nieleze: mimi ningebeba lile dude nene, na siku hiyohiyo ningelitafutia kijiti cha pili cha RAM.

Jamaa yako kateleza palepale wanapoteleza wengi na wala simlaumu, maana kwenye boksi kinachoandikwa kwa herufi kubwa ni jina la kadi tu. Sasa kwenye laptopu jina la kadi ni kama jina la ukoo, unaweza kukuta ndugu wawili, mmoja anabeba magunia siku nzima na mwingine ndoo moja ya maji inamtoa jasho, na wote ni wa ukoo mmoja. Nvidia wanaruhusu 4060 ya laptopu ifanye kazi popote kati ya wati 35 na wati 115, na juu ya hapo kuna nyongeza ya mpaka wati 25 ambazo kadi inaziazima kutoka kwa prosesa wakati prosesa haina kazi nyingi. Yaani chipu ni ileile, kore zake (vile vitengo vya kupiga hesabu) 3072, VRAM, yaani kumbukumbu ya kadi yenyewe, GB 8, lakini mtengenezaji mmoja kaifungulia bomba lote na mwingine kaibania kwa sababu kwenye mwili mwembamba hana pa kupeleka joto. Zamani kidogo ulikuwa unaona neno Max-Q kwenye jina la kadi zile zilizobanwa, lakini kuanzia mfululizo wa RTX 30 mwaka 2021 neno hilo likaondolewa kwenye majina, kwa hiyo sasa hivi ni lazima uulize wewe mwenyewe: 4060 ya wati ngapi? Muuzaji akikutolea macho basi nenda kwenye chaja.

Chaja ndo shahidi wangu siku zote. Piga hesabu na mimi: prosesa ikiwa kwenye gemu weka wati 45, kioo, feni, SSD na vikorokoro vingine weka 20 au 25, ukitoa hizo kwenye 150 unabaki na kama 80 na hapo hujaacha hata kidogo cha kuchaji betri. Kwa hiyo ile nyembamba hata ingependa vipi, kadi yake haiwezi kukaa kwenye wati 115 kwa muda mrefu, chaja haina ubavu huo. Kuna laptopu zinafidia kwa kunyonya betri, unacheza umechomeka umeme kabisa na huku asilimia zinashuka, 100, 94, 88, mtu anakuja analalamika betri mbovu kumbe betri ni nzima, chaja ndo mtoto. Lile dude lenye wati 230 lina nafasi ya kulisha prosesa na kadi kwa pamoja na chenji inabaki.

Ila usije ukaingia mtego wa upande wa pili ukaanza kutafuta wati 140 kama vile ni dawa. 4060 ikishapita kama wati 100 hivi faida inakuwa ndogo sana, kwenye gemu nyingi hata hazifiki huko. Tofauti unayoihisi mkononi ni kati ya ile iliyobanwa kwenye 60 au 70 na ile inayopumua kwenye 100. Juu ya hapo ni joto na kelele.

Na joto ndo ishu yenyewe, maana kila wati inayoingia kwenye laptopu inatoka kama joto, haina pengine pa kwenda. Kwenye laptopu nyingi za kundi hili prosesa na kadi zinatumia mabomba ya shaba yaleyale kupeleka joto kwenye feni, mmoja akichemka anampikia mwenzake. Hiyo i7 yako kikomo chake ni nyuzi 100, ikifika pale haiungui, inajipunguza kasi yenyewe ijiokoe, na kadi nayo inaanza kujibana ikikaribia nyuzi 87 hivi. Ndo maana dakika tano za mwanzo kila laptopu ni bingwa. Kuna moja nyembamba niliwahi kuipima, kampuni siitaji, nikafungua HWiNFO pembeni, programu ya kusoma wati na joto, nikawa naandika: dakika ya kwanza kadi iko wati 95 na fremu, yaani picha za gemu kwa sekunde, zinamwagika, dakika ya nne 88, dakika ya tisa 70, prosesa imeganda kwenye nyuzi 97 haishuki, feni zinalia kama kikaushia nywele, na kwa sababu juu ni chuma ile kibodi ilikuwa imepata moto kiasi kwamba kidole kilichokuwa kwenye W nilikuwa nakiinua kila nikipata upenyo. Ukiiangalia kwenye tangazo ni nzuri kweli. Plastiki wanaidharau lakini kwenye vidole inasaidia, haipitishi joto haraka kama chuma.

Sasa hilo dude nalo lina dhambi yake, kijiti kimoja cha GB 8. Kwanza GB 8 kwa Cyberpunk haitoshi, Windows ikishachukua chake gemu inabaki inaomba. Pili, kijiti kimoja maana yake ni njia moja ya kupitishia data badala ya mbili. Kama ni DDR5 ya 4800, njia moja inapitisha GB 38.4 kwa sekunde, mbili unapata mara mbili yake, na prosesa inapocheza gemu inaitegemea sana hiyo njia. Kijana mmoja aliniletea laptopu analalamika gemu linakatakata kama redio inayokamata stesheni mbili, wakati kaunta ya fremu inaonyesha wastani wa 80 na kitu. Kafuta driva karudisha, kafuta Windows karudisha, wapi. Nikafungua mfuniko wa chini nikakuta kijiti kimoja kimekaa na nafasi ya pili iko wazi na vumbi lake. Tukaweka cha pili kinachofanana nacho, wastani ukapanda kidogo tu, lakini ile kukatakata ikaisha palepale.

Hapo kuna somo la kupima fremu, maana watu wanapenda kuuliza inatoa ngapi. Wastani peke yake unadanganya. Laptopu yenye wastani wa 90 ila kila baada ya muda inadondoka mpaka 30 utaichukia kuliko yenye wastani wa 75 ambayo haishuki chini ya 60. Kwa hiyo ukiangalia vipimo vya watu tafuta ile namba ya asilimia 1 ya chini, ndo inakuonyesha gemu linavyokwama. Kwa sababu hiyohiyo RAM iliyounganishwa kwenye bodi siipendi, GB 16 leo zinatosha, ila miaka mitatu ijayo ukitaka 32 hakuna pa kuchomeka, umeoa.

Prosesa sitakuchosha. Hiyo i7-13620H ina kore 10, sita kubwa na nne ndogo, na kwa kazi ya kore mojamoja inaishinda hiyo Ryzen. Na usidanganywe na ile 7 ya mbele kwenye 7735HS ukadhani kila kitu ndani ni kipya, kwenye majina hayo ya AMD tarakimu ya tatu ndo inataja kizazi cha kore, hapo ni 3, yaani Zen 3+, prosesa iliyokuwa inaitwa 6800H mwaka 2022 imebadilishiwa shati. Ingekuwa 7840HS ingekuwa Zen 4. Lakini kwenye Cyberpunk kadi ndo itachoka kwanza kabla ya prosesa, na kore 8 za Zen 3+ bado zina nguvu. Kwenye gemu za mpira hata hutajua tofauti.

Kioo ndo panaponipa shida kukushauri, maana hapa ile nyembamba inapata pointi. Hesabu kwanza: 2560 kwa 1600 ni pikseli milioni 4.1, 1920 kwa 1080 ni milioni 2.07, karibu mara mbili. Kwa hiyo kadi iliyobanwa ndo imepewa kioo kikubwa cha kujaza, na kadi iliyoshiba imepewa kidogo, kichekesho kidogo. DLSS itakusaidia kwa kuchora picha ndogo halafu kuikuza, na kwa sababu ni RTX 40 unapata na zile fremu za kutengenezwa katikati, ila ujue hizo zinalainisha macho tu, hazifanyi kibodi iitike haraka. Ray tracing, ile ya kuchora mwanga na vivuli kama vya kweli, weka kidogo au zima, na ile modi yake nzito ya Cyberpunk inayoitwa Overdrive isahau kwenye zote mbili.

Shida ya vioo vya 1080p kwenye laptopu nene za bei hii ni rangi. Nyingi wanaandika kwa herufi ndogo "45% NTSC", kipimo cha upana wa rangi, na hiyo kwa lugha ya kawaida ni kwamba kioo kinaonyesha takriban theluthi mbili tu ya rangi za sRGB, kile kiwango cha kawaida cha rangi za kompyuta na mtandaoni, nyekundu inakuwa kama tofali lililonyeshewa. Kwenye gemu utazoea. Kwenye video hapana, utaongeza rangi kwenye laptopu mpaka uridhike, ukiituma kwenye simu unakuta nyuso za watu zimeiva kama nyanya. Hujaniambia dude lina kioo gani, kwa hiyo hilo uliza kabla ya kutoa hela: ukiona 72% NTSC au 100% sRGB poa, ukiona 45 basi weka bajeti ya kioo cha nje cha kueditia. Hicho cha nje kina faida nyingine, kwenye laptopu nyingi za gemu tundu la HDMI limeunganishwa moja kwa moja na kadi, wakati kioo cha ndani kama laptopu haina swichi ya MUX kila fremu inapitia kwanza kwenye grafiki ndogo ya prosesa ndipo ifike machoni, na njiani unapoteza fremu kadhaa. Uliza na hilo la MUX.

Ukifika kuikagua, usikubali kuonyeshwa tu ikiwa imewaka kwenye mandhari ya maua. Chomeka chaja yake mwenyewe, bila chaja kadi inabanwa na utaionea bure. Fungua Nvidia Control Panel, chini kushoto kuna kiungo cha taarifa za mfumo, humo utaona kadi imewekewa wati za juu ngapi, dude likionyesha chini ya 100 nipigie kelele maana hesabu yangu yote itabidi irudiwe. Halafu weka modi ya nguvu, washa gemu au hata kipimo chochote cha grafiki, na ukae dakika 15, wakikuharakisha waambie unasubiri. Wakati unasubiri weka kiganja pembeni kulia, kuna laptopu zinatoa upepo wa moto upande huo na mkono wa mausi unaoka kila siku. Bonyeza katikati ya kibodi uone inabonyea kiasi gani. Fungua na kufunga kioo kwa kushika kona moja mara tatu nne, ukisikia inalia kwenye bawaba au plastiki inaachia kwenye ukingo, achana nayo, kwa hizi za plastiki bawaba ndo huwa zinaua laptopu wakati kila kitu ndani bado kizima. Igeuze chini uone matundu ya hewa yako wapi, maana yakiwa chini ukiiweka kitandani umeiziba pua.

Kama lakini wewe ni mtu wa kutembea nayo begani kila siku, gemu ni saa moja usiku na video ndo kazi, basi ile nyembamba siyo ujinga, ichukue ukijua unanunua 4060 ya wati 75 au 80 yenye kioo kizuri. Dude la kilo 2.5 na tofali la chaja lake, mgongo utakukumbusha. Ila kwa ulivyoandika, Cyberpunk ndo umeitaja ya kwanza.

Kijiti cha pili cha RAM kabla hujanunua fungua CPU-Z, programu ya kusoma vifaa vya ndani, uone kilichomo ni DDR ngapi (kizazi cha RAM) na spidi gani, na uulize kama kufungua mfuniko hakuvunji waranti. Na ukiona kumbe bei ya vijiti viwili vya GB 16 haiko mbali na cha GB 8 kimoja, kitoe kabisa hicho cha zamani uweke viwili.