Jibu kwa aliyeuliza kuhusu sisimizi wasiotaka kuhama

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba una koloni ya sisimizi wadogo wa jenasi ya Temnothorax, malkia mmoja na watenda kazi wapatao mia moja, ambao mrija wa kioo wanamoishi, wenye maji yaliyozibwa kwa pamba, umeanza kuota ukungu, na kwamba zimepita siku tisa tangu uwawekee kiota kipya bila hata mmoja kuhamia humo. Umeuliza kama uwamwage kwa nguvu. Mwishoni ukaongeza swali kuhusu nyigu walioondoka chini ya paa lako na kuacha mabuu wakiwa hai ndani ya kiota. Nimefuga sisimizi wa jenasi hiyo kwa miaka kadhaa na nimewashuhudia wakihama zaidi ya mara thelathini, kwa hiyo nitajibu yote mawili, lakini kwanza nakuomba sana usiwamwage.

Mimi niliwahi kuwamwaga. Maji ya mrija wa koloni yangu ya kwanza yalikuwa yamekauka, nami kwa kuwahurumia nikaugonga mrija juu ya mlango wa kiota kipya mpaka wote wakaanguka. Mabuu kadhaa walipondeka palepale, na kabla saa haijaisha waliosalia walikuwa wamejibanza chini ya kipande cha pamba kilichokuwa karibu, huku kiota nilichokitengeneza kwa siku mbili kikibaki kitupu. Nilidhani ni ujinga wao. Baadaye nilielewa kwamba sisimizi waliovunjiwa makazi hupunguza masharti yao ya kuchagua, wakaharakisha uamuzi na kuingia mahali pa kwanza panapowasitiri, hata kama papo pazuri zaidi hatua chache mbele. Kwa kuwamwaga nilikuwa nimewanyima muda wa kukagua, na ukaguzi ndio kiini cha uhamaji wao.

Wengi hudhani malkia ndiye anayetoa amri. Malkia hutaga mayai, na siku ya kuhama hubebwa kama wanavyobebwa wengine. Mara nyingi nilizoangalia alipita katikati ya shughuli, si wa kwanza wala wa mwisho. Wanaotafuta makazi ni sehemu ndogo ya watenda kazi, takriban theluthi moja, ambao tunaweza kuwaita wapelelezi, ilhali waliobaki hukaa na watoto mpaka waje kuchukuliwa.

Mpelelezi anapokiingia kiota kipya hukizunguka ndani, hugusa kuta, hukata katikati, hutoka, kisha hurudi tena. Anapima giza, upana wa sakafu, kimo cha dari na wembamba wa mlango. Namna anavyopima sakafu ndiyo iliyonifanya niwapende wadudu hawa. Mwaka 2000 watafiti Eamonn Mallon na Nigel Franks walionyesha kwamba katika ziara ya kwanza mpelelezi huacha njia ya harufu yake mwenyewe, na katika ziara ya pili huhisi ni mara ngapi anaikatiza njia hiyo: katika chumba kidogo huikatiza mara nyingi, katika kikubwa mara chache. Ni kanuni ileile ya hisabati ambayo Mfaransa Buffon aliieleza katika karne ya 18 kwa mfano wa sindano zinazodondoshwa juu ya sakafu yenye mistari. Mdudu mwenye urefu usiozidi milimita tatu anapima eneo bila kuliona lote kwa mara moja.

Akishapima, hakimbilii kuwaita wenzake. Kiota kikiwa kibaya husitasita kwa muda mrefu. Kikiwa kizuri husita kidogo tu, halafu humwendea mwenzake na kumwongoza kwa miguu. Wale wawili huenda mmoja nyuma ya mwingine, na wa nyuma humgusagusa wa mbele miguuni na tumboni kwa vipapasio kumjulisha kwamba bado yupo. Asipoguswa, kiongozi husimama na kungoja. Wa nyuma naye husimama mara kwa mara na kuzunguka kidogo, akijifunza alama za njia ili safari ijayo aje peke yake. Mwendo huo ni wa polepole mno, na kwa sababu kiongozi anajichelewesha ili mwenzake ajifunze, Franks na Tom Richardson waliandika mwaka 2006 kwamba huu ni ufundishaji hasa. Nami nilipouona kwa mara ya kwanza nilikaa chini nikaacha kila nilichokuwa nikikifanya.

Kwa kuwa kila anayefika hukagua upya kwa mtindo huohuo kabla ya kumleta mwingine, kiota kizuri hukusanya wageni upesi kuliko kibaya, bila kulazimu sisimizi yeyote avilinganishe vyote viwili. Wapelelezi hutambua wingi wao humo kwa kadiri wanavyokutana-kutana. Wakishatimia idadi fulani, yaani akidi, mambo hugeuka ghafla: wanaacha kuongozana na kuanza kubebana. Mpelelezi humkamata mwenzake kwa taya na kumwinua, naye aliyebebwa hujikunja juu ya kichwa cha mbebaji na kutulia kabisa. Kubebana huenda kasi mara tatu hivi kuliko kuongozana, ila anayebebwa hajifunzi njia, na ndiyo maana hawaanzi kubebana mpaka wawepo wapelelezi wa kutosha wanaoijua.

Sasa turudi kwenye mrija wako. Siku tisa bila kuhama maana yake ni kwamba akidi haijatimia, na sababu ninazokutana nazo mara nyingi ni mbili: ama kiota kipya kina kasoro, ama cha zamani bado kinavumilika. Ukungu unaokuudhi wewe huenda hauwaudhi wao, hasa ukiwa juu ya pamba tu na maji bado yapo. Koloni ambayo makazi yake hayajaharibika hujipa muda mrefu, na hudai wapelelezi wengi zaidi kabla haijaamua.

Katika picha uliyoweka naona dari ya kiota chako ni kioo kitupu na mlango wake unapitisha kalamu. Kwao hapo ni uwanja, si nyumba. Funika kiota chote kwa kadibodi nzito ili ndani pawe giza totoro, uzibe mlango mpaka libaki tundu la milimita mbili, na kama sakafu ni pana mno iwekee kizuizi cha muda. Kisha uondoe kifuniko cha mrija wa zamani, uuache kwenye mwanga wa kawaida wa chumba, usiokuwa wa jua wala wa taa yenye joto. Mwanga huo unatosha kuwafanya wapelelezi watoke. Usihamishe vitu vilivyo kati ya mrija na kiota, kwa kuwa baadhi yao wamekwisha kujifunza alama hizo, na usifute sakafu iliyo kati ya viwili hivyo wakiwa katikati ya shughuli. Ukiwaona wawili wakifuatana polepole, huo ni mwanzo. Ukimwona wa kwanza aliyebebwa, usiguse chochote mpaka wamalize. Ikitokea wakagawanyika, nusu huku na nusu kule, usifadhaike wala usiingilie, kwa sababu wana uwezo wa kujiunganisha tena, na koloni yangu moja ilikaa hivyo kwa siku mbili kabla ya kukutana.

Kuhusu nyigu, jambo lililokuhuzunisha lina sababu iliyo wazi. Sisimizi huhama na mayai, mabuu na mabundo yao (yaani mabuu waliokwisha kuanza kugeuka wadudu kamili), hata siafu wanaohama kwa mamilioni hubeba watoto wao wote. Nyigu hawawezi. Kila buu hukulia ndani ya kijumba chake cha karatasi, na nyigu anayehama huruka, kwa hiyo watoto hubaki. Kwa nyigu kuhama ni hasara kubwa, nao huondoka wakiwa wamesukumwa na jambo zito kama vile kiota kuvunjika, vimelea kuingia au sisimizi kuvamia. Nyigu wa jenasi ya Polybia, wanaoishi katika Amerika ya tropiki, huondoka kwa kundi, malkia na watenda kazi pamoja, na wapelelezi wao hutangulia wakisugua matumbo juu ya majani na mawe ili kundi lifuate harufu kituo kwa kituo. Kuna pia nyigu wakubwa wa jenasi ya Vespa, kama Vespa simillima wa Japani, ambao kiota chao cha kwanza kikiwa finyu hujenga kingine kwingineko, na watenda kazi huendelea kurudi kwenye cha zamani kuwalisha mabuu mpaka wakomae na kuruka.

Kwa hiyo usikibandue kiota hicho leo. Kaa mbali nacho kwa saa moja, jua likiwa limekwisha kupanda, uangalie kama kuna nyigu anayekuja, anayepita kijumba hadi kijumba akiinamisha kichwa, kisha anaondoka. Ukimwona, mabuu wanalishwa na yafaa uwaachie muda. Ukiangalia siku mbili tatu za jua bila kumwona hata mmoja, basi hawana tena wa kuwalisha, nawe ni vigumu kuwalisha mwenyewe mpaka wafikie utu uzima, na unaweza kukiondoa kiota bila kumdhuru yeyote aliyekuwa akikitegemea.