Maswali na majibu: Mabirika ya kufulia ya vijijini Ufaransa

Nikipita vijiji vya huku naona banda la mawe lenye birika kubwa, na hakuna mtu. Lilikuwa la nini? (Msomaji, Lyon)

Hilo ni lavoir, mahali kijiji kizima kilipofulia. Lakini kazi kubwa pale ilikuwa kusuuza. Mashuka yalianzia nyumbani, ndani ya pipa, yakimiminiwa tena na tena maji ya moto yaliyopita kwenye majivu ya kuni. Ndipo yalipopelekwa birikani yangali mazito. Mwanamke alipiga magoti ndani ya kisanduku cha mbao kisicho na upande wa nyuma, kimetandikwa nyasi kavu ili magoti yasichubuke. Mbele yake palikuwa na jiwe lililoinamia maji. Alipiga nguo kwa kibao, akasuuza, akakamua, na wakati wa baridi maji yalikuwa ya kuganda vidole. Ukifika tena, pitisha kiganja kwenye ukingo wa jiwe. Ule ulaini si wa fundi, ni wa nguo na mikono ya miaka mingi.

Yalijengwa kwa nini mengi hivyo?

Kipindupindu na homa ya matumbo. Tarehe 3 Februari 1851 Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria iliyotenga faranga 600,000 kusaidia ujenzi wa mabafu na mabirika ya kufulia ya umma. Vijiji vingi vilichangia fedha zao pia.

Wanaume walikuwa wakienda?

Kwa nadra sana. Kama kisimani kwetu, pale palikuwa pa wanawake, na habari zote za kijiji zilipita hapo.

Nikitaka kuona moja tu, niende wapi?

Tonnerre, Burgundy, kwenye Fosse Dionne. Ni chemchemi yenye maji ya kijani na bluu, iliyozungushiwa birika la duara mwaka 1758 na Louis d'Éon.

Nimeolewa kijiji kimoja huku. Wanataka kulijaza lavoir udongo wapande maua. Niseme nini mkutanoni?

Dada, wakatalie. Birika lisilo na maji ni shimo tu, hata likipambwa vipi. Waombe kwanza wazibue mfereji unaoingiza maji. Mara nyingi tatizo ni majani na matope. Mawe yakilegea, wajengee kwa chokaa, si saruji, maana saruji hufungia unyevu ndani na jiwe la zamani hupasuka. Kuna taasisi iitwayo Fondation du patrimoine, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ambayo husaidia urithi mdogo wa vijijini kama huo. Na wewe mwenyewe, kaa na vikongwe wa hapo uwarekodi. Mashine za kufulia zilienea miaka ya 1950 na 1960, kwa hiyo waliopiga magoti pale wamebaki wachache, na wakiondoka hakuna jiwe litakalotueleza walizungumza nini. Hili naliona la haraka kuliko paa.

Marehemu bibi alitia bluu kwenye mashuka meupe. Na hao walifanya hivyo? (Msomaji, Tanga)

Naam, hivyo hivyo. Zamani rangi ile ilitoka kwenye jiwe la thamani, hadi Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipoweza kuitengeneza kwa kemia, akatuzwa mwaka 1828. Ikawa rahisi, ikafika kila nyumba. Walikifunga kidonge ndani ya kitambaa, wakakizungusha kwenye maji ya mwisho mpaka yakageuka rangi ya anga, kisha shuka likazamishwa mara moja na kuanikwa.