Usiwakataze akili mnemba, wape kazi ya kuikagua

Shikamoo mwalimu wa Mafinga. Umeuliza kama tuwapige marufuku wanafunzi kutumia akili mnemba kwenye kazi za nyumbani. Utamkamataje, na simu ni ya mama yake na iko nyumbani? Mimi ningebadilisha kazi yenyewe.

Chukua mapigano ya Lugalo, kati ya Wahehe wa Chifu Mkwawa na Wajerumani. Iombe ChatGPT, mojawapo ya programu za akili mnemba, aya moja kwa kutumia kishikwambi chako (vile vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa, kama chako bado kinatunza chaji), iandike ubaoni, halafu Kidato cha Tatu waikague mstari kwa mstari wakiwa na kitabu. Imetaja 17 Agosti 1891? Kamanda wa Wajerumani aliyeuawa ni Zelewski? Mkwawa alijiua mwaka 1898, au yenyewe inasema alikamatwa? Na fuvu lake lililochukuliwa Ujerumani, lilirudishwa 1954? Programu hizi hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, ndiyo maana zikikosea hukosea kwa kujiamini kabisa. Mtoto akilinasa kosa moja mwenyewe, utaona darasa linavyochangamka.

Insha ndefu ziandikwe darasani, kwa mkono. Hapo sina mjadala. Ukimtilia mtu shaka, mwite mezani akueleze aya yake ya pili kwa mdomo. Aliyenakili ataanza kuangalia dirishani.

Ila majina ya wanafunzi na alama zao usiyaingize kwenye programu hizo, hata kama unataka ikusaidie kuandika ripoti za wazazi.