Modemu ya akiba inahitaji betri yake yenyewe
Je, modemu ya laini ya simu inatosha kukuwezesha kuifikia ruta ya kituo cha mtandao ukiwa mbali umeme unapokatika? Hapana, peke yake haitoshi, kwa sababu ikichomekwa kwenye UPS (kifaa chenye betri kinachotoa umeme wa akiba) ileile inayobeba swichi na seva, itazimika pamoja nazo. Ipe betri yake ya volti 12, uiunganishe moja kwa moja bila kupitia inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama ule wa ukutani), ambayo nayo hula umeme. Betri ndogo ya ampea-saa 7 ina takriban wati-saa 84. Ukitumia nusu tu ili isiharibike mapema, modemu inayokula wati 5 itadumu kama saa 8. Nilijifunza hili kwa uchungu katika kituo kimoja cha Kongwa, ambako nililazimika kusafiri kutoka Dodoma mjini usiku ili kuwasha tu kifaa kimoja.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba laini nyingi za simu hazipewi anwani ya IP ya umma (namba ya kukifikia kifaa kutoka popote kwenye intaneti), hivyo huwezi kuipigia modemu kutoka nje. Ni lazima yenyewe ianzishe njia ya VPN (muunganisho wa faragha kupitia intaneti) kuelekea seva yako na kuishikilia muda wote, huku ikiwa imeunganishwa na mlango wa konsoli wa ruta, yaani tundu la kuisimamia ruta moja kwa moja. Hata hivyo, mnara wa simu nao hutegemea betri au jenereta, kwa hiyo umeme ukikatika kwa muda mrefu mno, njia hii pia inaweza kukatika.