Hiyo ndiyo besi: kwa vijana wanaofungua amplifaya za Kijapani

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea Pioneer SX-850, risiva (amplifaya yenye redio ndani) ya miaka ya sabini, wati 65 kila upande. Nikafungua mfuniko. Kabla sijaiona transfoma, kabla sijaliona hata vumbi, nikaona waya mwekundu umelehemiwa juu ya rilei ya spika, ile swichi inayojiwasha yenyewe kuunganisha spika, pini hadi pini, kwa mkono safi kabisa. Nikamuuliza ni wa kazi gani. Akajibu bila kupepesa: "Kaka, rilei ilikuwa imegoma, nikairuka."

Huyo ni wa tatu mwaka huu. Sikumgombeza, kwa sababu waya huo naufahamu. Wangu ulikuwa wa bluu.

Basi nimeamua kuandika yote mara moja ili nipumzike kurudia. Naweka namba muone kwamba nimejipanga.

1. Soma mgongo wa mashine kabla ya kugusa plagi. Mzigo unaoshuka siku hizi kwenye makontena ya vitu vilivyotumika Japani ni wa soko lao la ndani: volti 100, basi, hakuna cha kuchagua. Zile walizokuja nazo mabaharia na jamaa wa Ghuba zamani zilitengenezwa kuuzwa nje, na nyingi nyuma zina kichaguzi cha 110, 120, 220 na 240. Msizichanganye. Mnachofanya ni kukata ile plagi ya meno bapa, kufunga ya pini tatu, na kukipa volti 230 kitu kilichozoea 100. Kapasita kubwa zikipasuka mnasema umeme ulizidi. Ulizidi kweli, mmeuzidisha ninyi. Tumieni transfoma ya kupunguza, tena mtafute yenye tepu (waya wa kutolea) ya volti 100. Ya 110 ni ya vitu vya Marekani, na mashine yenye umri wa miaka 45 haihitaji nyongeza ya asilimia 10 uzeeni.

2. FM ya mashine za Kijapani za miaka hiyo inaanzia 76 na kuishia 90. Mnalijua hilo kwa redio ya kila Vitz iliyotoka bandarini, lakini mkiona tyuna (kisanduku cha kushika redio) nzuri ya Trio mnasahau. Mwambieni mteja kabla hajalipa.

3. Rilei. Hapa mkae.

Amplifaya za transista za mwanzo zilikuwa na kapasita kubwa kati ya transista za autputi na spika. Ilipitisha muziki, ikazuia DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri. Katikati ya miaka ya sabini Wajapani wakaanza kushindana nani ataondoa kapasita nyingi zaidi kwenye njia ya sauti, na mashine hizo wakaziita "DC" kwa majivuno. Sansui AU-717 ya mwaka 1977, wati 85 kila upande, ni mmoja wa watoto wa mashindano hayo. Besi yake ukiisikia utanielewa. Lakini ondoa kapasita uone kilichobaki: kati ya reli (njia ya umeme mkubwa ndani ya mashine) yenye volti 40 na ushee na koili ya spika ya mteja wako, hakuna kinga nyingine ya maana ila rilei na kasakiti kanakoiamuru. Ukiwasha, kasakiti kanasubiri sekunde chache, kanapima kama autputi ina DC, kakiridhika ndipo unasikia tak. Kasiporidhika, kimya. Kimya hicho ndicho mnachokiita kugoma.

Mimi mwaka 2003 nilikiita hivyo hivyo. Alikuja mzee mmoja, baharia mstaafu, na AU-717 aliyoinunua mwenyewe Yokohama meli yao ikipakia. Ilikuwa ya soko la nje, kichaguzi kipo, amekiweka 240 kwa mkono wake, na ameifunga kwenye shuka kama mtoto mchanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Huyu hasemi."

Taa zinawaka, rilei kimya. Nilikuwa nimetoka kwa bosi wangu miaka miwili tu, jina langu nimeliandika juu ya mlango kwa rangi ya mafuta. Mita nilikuwa nayo. Nasema hivyo ili msinitafutie kisingizio cha umaskini: mita ilikuwa pale mezani, betri nzima, nikinyoosha mkono naishika. Sikunyoosha. Nikaona rilei ni ya zamani, Kariakoo sikupata ya kufanana nayo, nikakata waya wa bluu nikairuka pande zote mbili. Spika ya majaribio nilikuwa nayo moja. Nikaifunga upande wa kulia. Ikaimba vizuri mno. Nikafunga mfuniko.

Upande wa kushoto sikuujaribu. Nilipima mmoja, kichwani nikahesabu mbili.

Nilikwenda kumfungia nyumbani mimi mwenyewe, Jumamosi jioni, maana aliniahidi chai na vitumbua. Spika zake zilikuwa za Sansui pia, zenye ile nakshi ya vijiti vya mbao mbele ambayo ukiitazama kwa mbali utadhani dirisha la Mji Mkongwe. Wajukuu wamekaa mkekani wanasubiri. Nikabonyeza swichi. Wufa ya kushoto ikaruka mbele, dwuu, ikabaki huko huko imetuna. Mzee akanigeukia. Na mimi, kwa kinywa changu hiki hiki, nikamwambia: "Mzee, hiyo ndiyo besi."

Zikapita sekunde kama tano. Ikaja harufu mnayoijua, vanishi na karatasi. Kisha moshi ukachungulia kwenye vile vijiti, taratibu, kama wa chetezo. Watoto wakapiga makofi. Mzee akanyanyuka, akachomoa plagi ukutani, akarudi kukaa, akauliza kwa sauti ya chini: "Na hiyo nayo ni besi?"

Chai sikuinywa.

Kesho yake nikaweka mita pale ilipotakiwa kuwekwa siku ya kwanza: autputi ya kushoto, kabla ya rilei, spika zimetolewa. Volti 44. Pigeni hesabu nami. Spika ya omu 8, koili yake ukiipima kwa mita inasoma kama 6. Arobaini na nne kwa sita ni ampea 7 na kitu. Zidisha tena kwa volti, kwenye karatasi ni wati zaidi ya 300, na zote ni joto, hata noti moja ya muziki haimo. Koili iliyofungwa kwa waya mwembamba kama uzi wa kushonea ingefanya nini?

Chanzo kilikuwa rezista moja ya fyuzi, zile ambazo Wajapani waliziweka makusudi zikatike kabla moto haujafika mbali. Wazo zuri, ila zikizeeka omu zake hupanda zenyewe bila kosa la mtu, na hii ilikuwa imekatika kabisa, autputi nzima ikavutwa na reli. Bei yake haikufika ya andazi. Kasakiti ka rilei kalikuwa kameliona kosa hilo kabla yangu na kalikuwa kananiambia kila nilipowasha, nami nikakaziba mdomo kwa waya wa bluu. Koili ya wufa nililipa mimi, kwa mafungu, miezi mitatu, kwa fundi spika ambaye hadithi aliifurahia kuliko pesa. Na upande ule haukurudi kuwa pacha wa mwenzake. Mzee alinisamehe kwa namna yake: mpaka leo tukikutana mtaani huniita Fundi Besi, na wajukuu wale wale, sasa wana ndevu, wanaitikia.

Kwa hiyo: toa spika, pima DC kabla ya rilei, PANDE MBILI. Milivolti chini ya 50, lala usingizi. Zikizidi 100, tafuta chanzo. Ukiona volti nzima nzima, neno besi lisikutoke. Rilei yenyewe huchoka pia, sikatai, lakini dalili yake ni nyingine: inagonga tak, halafu upande mmoja unafifia mpaka upandishe volyumu ndipo unarudi. Hiyo ni midomo ya ndani ya rilei, inapogusana, imechafuka, badilisha rilei uendelee na maisha.

4. Balbu ya sirizi, yaani balbu iliyofungwa kwenye njia ya umeme kabla ya mashine ili ibane umeme kukiwa na shoti, kila mara. Balbu ya uzi. Nimeona mtu ameweka ya LED.

5. Bias, ule umeme mdogo unaopita kwenye transista za autputi hata muziki ukiwa kimya, haipandishwi kwa sikio. Kuna dogo alinieleza kwamba ukizungusha trimpoti (kile kirekebishi kidogo ndani) kulia muziki "unanenepa". Ulinenepa hadi hitisinki, bati la kupozea transista, ikakaanga. Mnapima milivolti juu ya rezista za emita, mashine imepata moto dakika kumi na tano, volyumu sifuri, kwa kipimo cha kitabu cha mashine hiyo na si cha jirani yake. Milivolti 10 juu ya omu 0.22 ni kama miliampea 45, hesabu ya darasa la saba. Na trimpoti za miaka hiyo zimeoza: ukiigusa tu, mguu wa kati unaweza kuachia, na sakiti nyingi zikipoteza mguu huo transista zinafunguka zote. Weka mpya kwanza, ianzie upande wa bias ndogo kabisa, ndipo uanze kupima.

Mkirudisha transista za chuma, karatasi ya maika ya kuzuia umeme chini yake isisahaulike. Ganda lake ni kolekta.

6. Transista feki. Jina la Toshiba au Sanken juu yake halina maana, mtu yeyote mwenye rangi anaweza kulichapa. Mkinunua kumi, vunjeni moja kwa koleo mtazame kichipi ndani. Kikiwa kidogo kama chembe ya mchele uliovunjika, na inadai wati 150, rudini dukani mkiwa wengi.

7. Mkifungua mkakuta transista za 2SK60 na 2SJ18, fungeni. Hizo ni V-FET, zao la kazi ya Profesa Jun-ichi Nishizawa wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Sony na Yamaha wakaziingiza kwenye amplifaya mwaka 1974. Sony TA-8650 inazo. Ubaya wake ni kwamba zenyewe kwa asili ziko wazi: transista ya kawaida unaiamuru ipitishe, hii unaiamuru izuie. Sakiti ya bias ikifa kwa sekunde moja, inapitisha kila kitu na kufa. Za badala hazitengenezwi. Mimi nilifungua moja mara moja, nikaisalimia, nikairudisha kwa mwenyewe bila kumtoza.

8. Ile gundi ya kahawia iliyoshikilia kapasita, zamani ilikuwa ya rangi ya maziwa na haikuwa na neno. Ikipata joto miaka mingi inageuka, inapitisha umeme na kula miguu ya rezista na dayodi. Ikwangueni yote, msidhani kapasita imevuja. Transista ndogo zenye miguu iliyopiga weusi, hasa 2SC458, ndizo zinazotoa ile sauti ya kukaanga vitunguu kwenye spika. Badilisheni zote mkiwa humo, msirudi kwa moja moja. Na sprei ya kulegeza bawaba si ya volyumu. Sitarudia.

9. Tantebo, yaani mashine ya kuchezea santuri. Transfoma ya kupunguza umeme inapunguza volti, hezi (mara ngapi umeme unajirudia kwa sekunde) haizigusi. Japani wana hezi mbili, 50 upande wa Tokyo na 60 upande wa Osaka, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua mitambo ya kufua umeme Ujerumani, Osaka ikanunua Marekani, na mpaka leo hawajapatana. Tantebo ya belti yenye mota ya AC inafuata hezi. Ikiwa puli yake ni ya 60, hapa kwetu kwenye 50 ile 33 na theluthi inashuka chini ya 28. Technics za dairekti draivu (mota inazungusha sahani yenyewe, bila belti), kama SL-1200, hazina shida hiyo, mota yake ni ya DC na inajidhibiti yenyewe. Za belti mtafute puli ya 50 ndani ya boksi, wakati mwingine ipo kwenye kimfuko. Ikikosekana nendeni kwa mkereza.

Mimi nilikwenda kwa mkereza kwa ajili ya mama mmoja mwenye santuri za taarabu za marehemu mama yake. Tantebo aliletewa na mpwa wake kutoka Osaka, na mwaka mzima alikuwa akiisikiliza hivyo hivyo, mwimbaji ana sauti ya mwanaume mwenye mafua. Nikamwekea puli mpya, nikapima mzunguko, kamili. Nikaweka santuri. Akafumba macho, akasikiliza ubeti wa kwanza, wa pili, akafumbua.

"Mwanangu, mbona ana haraka? Ana safari?"

Nikamweleza hezi zote hizi, Tokyo, Osaka, Wajerumani. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akanilipa nusu, akaitia puli ya zamani kwenye mkoba.